Safari ya pomboo kutoka Mji wa Kale, Mombasa: nawapa nyota nne, na tangazo lao walibadilishe

Tangazo la safari hii lilinifikia kwa WhatsApp mwishoni mwa mwezi wa kumi: picha ya pomboo karuka juu ya maji, na chini yake maneno "Njooni muwaone waokoaji wa bahari." Niliyasoma mara mbili, nikaiweka simu kando, nikaendelea kushona. Usiku nikayarudia. Kwetu nyumbani maneno hayo yana uzito. Marehemu babangu alikuwa mvuvi, na mwaka 1983 alirudi hai kutoka baharini akisema pomboo ndio waliomweka juu ya maji usiku kucha. Mimi na ndugu zangu tumelelewa na kisa hicho. Basi nilipolipa pesa zangu kupanda boti hii sikuwa natafuta picha za kuwaonyesha watu. Nilitaka kujua hawa jamaa huwaambia nini wageni wao kuhusu pomboo, na kama chombo chao chafaa kumpandisha mamangu, mwenye miaka 71.

Tulikwenda watatu: mimi, mamangu, na mtoto wa mdogo wangu, kijana wa miaka 11 ambaye akiuliza kitu haachi mpaka ajibiwe.

Bei ni Sh3,500 kwa mtu mzima na Sh2,000 kwa mtoto, nusu kwa M-Pesa siku ya kuweka nafasi na nusu kabla ya kupanda. Ndani ya bei hiyo mna chai ya tangawizi, mahamri, mbaazi za nazi na maji ya kunywa. Tuliambiwa tufike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukafika. Boti iliondoka saa moja na robo, kwa sababu ya wateja wawili waliochelewa kutoka Nyali. Nyota niliyokata ni ya hapo. Asubuhi ya bahari ni mali. Saa ile ya kwanza maji yamelala, jua halijaanza kuchoma, na mtu mzima kama mamangu huweza kukaa bila kuchafukwa na moyo. Anayechelewa asubiri safari nyingine, au arudishiwe pesa yake.

Chombo chenyewe ni boti ndefu ya faiba, mashine mbili nyuma, turubai juu la kivuli, viti vya sponji pande mbili. Mimi kazi yangu ni kushona maturubai na viti vya tuktuk, karakana yangu iko Mwembe Tayari, mwaka wa 22 sasa, kwa hivyo macho yangu huanzia kwenye mshono. Turubai lao limeshonwa vizuri, matundu ya kamba yametiwa pete za shaba, hakuna pahali palipoanza kuchanika. Nilipopewa jaketi la kuokolea nililipindua ndani nje mbele ya nahodha. Uzi ni wa nailoni, mshono ni wa mara mbili, bizimu ni za plastiki ngumu na zinabana, filimbi imefungwa begani. Nikaliminya sponji, likarudi. Sponji ya jaketi ikishakufa hairudi, na jaketi la namna hiyo ni fulana tu.

Za watoto ndizo zenye kasoro. Zilikuwa tatu, zote pana, na hata moja haina mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Mtoto akianguka majini na jaketi la namna hiyo, jaketi hupanda juu na mtoto huteleza akabaki chini. Nilimwambia nahodha. Hakubishana na mimi wala hakuniambia kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuanguka. Alichukua kamba, akaipitisha mwenyewe, akamfunga kijana wangu fundo la kibaharia, akamwambia, "Ukitaka kwenda msalani niambie nikufungue." Kwa jawabu hilo nilitulia.

Tulipita mbele ya Fort Jesus ikiwa mkono wetu wa kulia, tukafuata mkondo wa maji ya kupwa hadi Ras Serani. Meli ya makontena ilikuwa yaingia Kilindini, tukaipisha, na boti ikayumba kwa mawimbi yake mpaka mamangu akanishika goti. Upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi haujashika, ni ile maleleji ambayo bahari hukaa kama samli kwenye sahani. Nje ya mwamba maji yaligeuka rangi, kijani kikaisha na buluu ya wino ikaanza, na nahodha akaelekeza omo upande wa Nyali na Bamburi.

Hapa lazima niseme kwa nini nilikuwa na wasiwasi. Miaka mitatu iliyopita nilipanda boti nyingine, sehemu nyingine ya pwani yetu, na jina sitalitaja. Boti nne ziliwazingira pomboo sita. Wakizama huku, boti zakimbilia kule watakakoibukia. Vijana walikuwa wakirushwa majini juu ya migongo yao wakipiga mayowe. Palikuwa na mama na mtoto, na kwa muda mtoto alibaki upande mmoja wa boti na mamake upande wa pili. Nilirudi nyumbani kichwa chaniuma, na sikuwaambia wenzangu kwamba nimewaona pomboo.

Safari hii ilikuwa kinyume kabisa. Tulikaa dakika 50 bila kuona kitu, na nahodha hakuomba radhi wala hakuahidi. Kisha akaona mapovu upande wa pwani, akapunguza mashine, akaenda sambamba nao kwa mbali, mita kama 50 hivi, bila kuwakata mbele na bila kupita katikati yao. Walipobadilisha njia, hakuwafuata. Alizima mashine zote mbili. Kimya kikatanda, tukasikia turubai likipigapiga. Baada ya dakika chache wakaja wenyewe.

Nilihesabu tisa. Rangi ya kijivu, mgongo umekoza, tumbo jeupe jeupe. Mmoja alipita chini ya boti amelalia ubavu, jicho lake likitutazama juu, na kijana wangu akamtazama yeye, na kwa sekunde mbili tatu hakuna aliyesema neno. Katikati yao alikuwako mtoto wa urefu wa kama mita moja, amemganda mamake ubavuni. Akipanda juu kuvuta pumzi alitoa kichwa chote nje ya maji kwa pupa, kama mtoto wa binadamu anayejifunza kuogelea.

Muelekezi wa safari ni msichana aliyesomea mambo ya bahari, na yeye ndiye sababu kubwa ya nyota nyingine nne. Alisema kwa sauti ya chini. Alituonyesha mistari hafifu ubavuni mwa yule mtoto, akasema hizo ni alama za mikunjo, kwa sababu mamake alimbeba tumboni mwaka mzima akiwa amejikunja. Pomboo ni mnyama mwenye mapafu kama sisi, akasema. Akizaliwa, safari yake ya kwanza ni kwenda juu kuvuta pumzi, na akichelewa mamake humsukuma, au jike mwingine wa kundi hufanya hivyo.

Kijana wangu akauliza lile nililojua atauliza. "Ni kweli huokoa watu?"

Nilimkazia macho yule binti. Kama angesema "ndiyo" peke yake, au "hapana" peke yake, nyota nyingine ingeondoka.

Alisema kwanza tuanze na wanavyosaidiana wao kwa wao, kwa sababu hilo limeonekana kwa macho na kuandikwa. Mwaka 1954, katika pwani ya Florida, Marekani, pomboo mmoja alilevywa na mshindo wa baruti majini, akaanza kuzama upande. Wenzake wawili wakaja, kila mmoja akaingiza kichwa chini ya pezi lake la ubavuni, wakamnyanyua mpaka tundu la pumzi likafika juu. Wao wenyewe wakiwa chini hivyo hawawezi kuvuta pumzi, kwa hivyo iliwabidi wamwachie kidogo na kumrudia. Mwaka 2008, baharini upande wa Korea, pomboo kama kumi na mbili walijipanga wakawa kama chelezo, wamembeba mgongoni mwenzao aliyekuwa akifa. Na mama aliyefiwa na mtoto huonekana akimsukuma maiti wake juu ya maji kwa siku kadhaa.

"Sasa," akasema, "mnyama aliyeumbwa na silika hiyo, akikutana na kitu chenye ukubwa kama wake, chenye joto, kinachopiga mapigo ya moyo, kinapapatika na kuzama, unadhani atafanya nini?"

Mamangu akaitikia, "Atakiinua."

"Pengine atakiinua, mama. Si kila mara."

Akatueleza habari ya papa pia. Mwaka 2004 huko New Zealand, mwokoaji wa ufukweni alikuwa akiogelea na bintiye na wasichana wengine wawili, pomboo wakaja wakawazunguka, wakawasukuma wawe pamoja, wakapiga maji kwa mikia. Aliyejaribu kutoka nje ya duara alirudishwa. Yule mwokoaji ndipo alipomwona papa mkubwa mweupe wa urefu wa kama mita tatu, yuko mita chache kutoka walipo. Pomboo walikaa nao dakika 40 hivi. Mwaka 2007 huko California, papa wa aina hiyohiyo alimshambulia mtu aliyekuwa akiteleza kwa ubao, na pomboo wakamzingira mpaka akafika ufukweni. Binti akasema pomboo wana ugomvi wao wenyewe na papa, kwa sababu papa huwala watoto wao. Wanapopanga duara hawahitaji kumpenda binadamu. Huenda binadamu hujikuta ndani ya ulinzi uliowekwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Nililipenda jibu hilo, na bado nalitafakari.

Kijana wangu alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake huwa ni kujiandaa. Akasema, "Babu aliokolewa na pomboo." Akanigeukia. "Mamkubwa, mwambie."

Basi nikamweleza, boti imezimwa, pomboo bado wako pale. Ilikuwa mwezi wa sita, 1983, mimi nina miaka saba. Kusi imechacha, wavuvi wengi wa Likoni wamepandisha vyombo vyao juu mchangani. Babangu na mwenzake, ambaye sisi watoto tulimwita Ami, walitoka na dau dogo kuvua kwa mshipi kwa sababu nyumba zote mbili zilikuwa na deni dukani. Alasiri, nje ya mwamba, wimbi liliwapiga ubavuni na dau likapinduka. Walilishikilia mpaka magharibi, kisha likawaponyoka. Baba akabaki na kafi moja amelikumbatia kifuani. Ami hakubaki na kitu. Giza lilipoingia walikuwa wakiitana, halafu wakawa hawasikiani tena.

Baba alisema saa asizozijua alihisi kitu laini, kizito, kikimgusa mbavuni. Akasema huyu ni papa, akatoa shahada. Kisha akasikia pumzi karibu na sikio lake, fuuu, kama mtu apulizaye moto wa kuni, na papa hapandi juu kuvuta pumzi. Ndipo akajua ni pomboo. Walikuwa wengi, na maji yakimetameta gizani kila walipopita. Kila mikono yake ilipolegea, mmoja aliingia chini ya kwapa lake akamwinua. Alfajiri akasikia mawimbi yakivunja mwambani, na wavuvi wa Nyali wakamtoa jua limeshachomoza, vidole vimekakamaa, kafi bado liko kifuani.

Toka siku hiyo pomboo akiingia kwenye jarife lake, baba aliukata wavu. Jarife ni pesa ya miezi. Mamangu aliwahi kulia kwa sababu ya wavu mmoja uliokatwa wiki ya Idi.

Yule binti alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kuhusu kwapa, "Hivyo ndivyo wale wa Florida walivyombeba mwenzao. Chini ya pezi." Sikuwa nimeliona hilo, na nilisikia baridi mgongoni. Miaka yote wako watu waliomwambia baba kwamba aliota. Mvuvi wa Likoni asiyejua habari ya Florida angeota vipi jambo lile lile?

Nahodha naye akaweka neno lake, kwa adabu. "Lakini mama, mwezi wa sita kusi hutupa kila kitu pwani. Na mkondo wetu waelekea kaskazini. Hata kifuu cha nazi ukikiacha nje ya Likoni, kesho wakiokota Nyali au Bamburi." Amesema kweli. Baba mwenyewe alikuwa baharia na alilijua hilo. Upepo na mkondo ndio waliompeleka. Pomboo, kama ni wao, walimweka uso nje ya maji, na mtu aliyechoka hafi kwa kukosa njia ya nyumbani, hufa kwa kukosa hewa.

Kisha binti akasema kuna jambo moja ambalo hulisema polepole kwa sababu wageni wengine hukasirika. Pomboo hupenda kusukuma vitu vinavyoelea. Husukuma magogo, hubeba mwani kwenye mapezi, hucheza na chochote watakachokikuta. Aliyesukumwa kuelekea pwani hurudi akasimulia, na kisa chake huenea dunia nzima. Aliyesukumwa kuelekea kilindini hasimulii. Kwa hivyo visa tulivyonavyo vyote vimetoka upande mmoja, upande wa waliofika.

Nikamsikia mamangu akisema, "Ami."

Alisema kwa sauti ya kawaida, mikono yake iko juu ya mapaja, macho yako majini. "Babako aliniambia mara moja tu, mwaka ule aliokufa. Alisema pomboo hawakuwa kwake peke yake. Aliwasikia wakipumua upande wa Ami vilevile. Na sauti ya Ami ilikuwa ikisogea. Kila akiita, aita kutoka mbali zaidi, upande wa nje. Akasema, sijui kama walikuwa wakimchukua au walikuwa wakimsindikiza."

Baba alifariki 2009. Mimi kisa hiki nilikisikia labda mara mia, na sehemu hiyo sikuwahi kuisikia hata siku moja. Ndipo nikakumbuka mambo ambayo nilikuwa nayaona bila kuyaelewa. Kila Idi mkewe Ami alipokuja kwetu na wanawe, baba alikuwa akitoka kwenda kukaa barazani. Mtoto yeyote akianza "Baba, tuambie ile ya pomboo", alimkatiza kwa kumtuma dukani. Nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe alikuwa akimstahi yule mama asisikie kwamba wanyama walewale waliomrudisha mume wa jirani yake walikuwako pia kwa mumewe.

Hakuna aliyesema neno. Binti alinyamaza, na kwa hilo namshukuru kuliko kwa yote aliyotufunza. Mamangu aliinua mikono akamsomea Ami Fatiha, nahodha akainua yake, na hata wale wawili waliochelewa wakavua kofia. Yule mtoto wa pomboo alipanda juu mara mbili tukiwa hivyo, kwa ile pupa yake, kichwa chote nje. Mamake alikuwa chini yake kila mara.

Kisha wakaenda zao, na nahodha hakuwafuata.

Nimekaa wiki mbili kabla ya kuandika haya kwa sababu nilitaka nijue nafikiri nini. Siamini tena kwamba pomboo hujua nyumbani kwetu ni wapi. Nafikiri yule aliyeingia chini ya kwapa la babangu alifanya lile analomfanyia mwanawe, na alilifanya kweli, na kwa sababu ya hilo mimi nilikuwa na baba kwa miaka 26 zaidi. Nafikiri pia kwamba waliokuwa kwa Ami walifanya vilevile, kwa silika ileile, na bahari ndiyo iliyoamua nani aende wapi. Lile la kupeleka watu pwani tumeliongeza sisi tuliofika, au tuliozaliwa na waliofika. Sioni kwamba neema ya baba imepungua kwa kusema hivyo. Naona tu kwamba Ami amerudi kwenye kisa, na alikuwa na haki ya kuwamo tangu mwanzo.

Ndiyo maana nawaomba wenye boti hii walibadilishe tangazo lao. Muelekezi wao anasema kweli kwa dakika 20 baharini, halafu simu zao zaendelea kutangaza "waokoaji wa bahari". Mtoto akisoma maneno hayo atayaamini. Sisi wa Likoni na Mtongwe hatuwezi kuichukulia bahari hivyo. Aprili 29, 1994, feri ilipopinduka Mtongwe, watu 272 walikufa, na nchi kavu yaonekana kwa macho pande zote mbili. Kinachookoa mtu ni jaketi lenye mshono mzuri, ni kujua kuogelea, ni nahodha anayekataa kutoka siku bahari imechafuka. Kijana wangu tulipokuwa twarudi alimwuliza binti, "Mimi nikianguka watakuja?" Akamjibu, "Nahodha atakuja. Na wewe utakuwa umevaa jaketi." Hayo ndiyo maneno ya kuandika kwenye tangazo.

Na wasiguswe. Hilo nahodha alilisema kabla hatujaondoka, hakuna kushuka majini na hakuna kunyoosha mkono, na baadhi ya abiria walinuna. Binti akawaeleza kwamba mwaka 1994 huko Brazil alikuwako pomboo aliyezoea watu wa ufukweni, wakawa wakimpanda na kumsumbua kila siku, mpaka akawajeruhi kadhaa na mmoja akafa. Ni mnyama mwenye nguvu na mwenye mambo yake. Hata ule wema wake kwa mtu aliye taabuni ni wa kwake, haukodishwi kwa tikiti.

Mengineyo kwa ufupi. Chai ilikuwa moto kwa sababu wana chupa nzuri, mbaazi zilikuwa na nazi ya kutosha, mahamri yalikuwa ya jana. Choo kipo, kidogo, na ni safi. Ngazi ya kupandia ni mwinuko mkali kwa mtu mzima. Vijana wawili walimshika mamangu mikono kwa heshima, lakini kibao cha kukanyagia kingesaidia zaidi. Muziki haukupigwa kabisa, na naomba wasije wakaanza. Tulirudi saa tano kasoro, jua ndio kwanza laanza kuchoma. Ukienda, nenda wakati wa maleleji, huu wa mwezi wa kumi na moja au ule wa kaskazi ikiishia, na uchukue kiti cha upande wa kushoto wakati wa kutoka ili jua lisikupige usoni ukirudi.

Mamangu jioni ile hakutaka kulala mapema. Alinituma nimwite mjukuu wa Ami, ambaye sasa ni fundi wa simu pale Markiti, akaja baada ya Isha, wakakaa barazani wawili. Mimi niliwapelekea kahawa nikaingia ndani.

Zile jaketi tatu za watoto niliwapigia simu kesho yake kuwakumbusha. Walisema niwape bei. Niliwaambia mkanda na bizimu walipe, kazi ya mkono ni yangu. Hivi naandika zipo mezani kwangu Mwembe Tayari, mbili zimekwisha, ya tatu imebaki upande wa kulia. Jumamosi nazirudisha forodhani kabla ya saa kumi na mbili na nusu.